Lubumbashi: Kisanduku cha umeme kisicho na maandishi kinamjua fundi wake tu

Katika komini ya Lubumbashi, kama vile Kenya, Katuba, Kampemba au Ruashi, mafundi wa mtaani wanaunda vyombo vya umeme ambavyo familia zinavitegemea: chaja za batri, konvertisa, ampli za kanisa, visanduku vya kuhama kutoka umeme wa SNEL kwenda kwenye grupu. Ndani ya vyombo hivyo mara nyingi kazi ni nzuri. Lakini usoni, pale ambapo mtumiaji anagusa, hakuna neno hata moja. Maandishi ya usoni si urembo, na vifaa vya kuyatengeneza vinapatikana hapa hapa mjini.

Tuchukue mfano. Baba wa nyumba ndiye aliyeunda kisanduku. Kina swichi mbili za namna moja, taa tatu na buto moja la kuzungusha. Yeye anajua kwamba swichi ya kushoto ni ya SNEL, ya kuume ni ya batri, na taa ya katikati ikiwaka friji isiwashwe. Sasa amesafiri Kolwezi kwa kazi ya wiki mbili. Saa moja ya jioni umeme unakatika. Mama anafika mbele ya kisanduku na tochi ya simu mkononi. Anampigia mume wake, simu haipiti. Mtoto mkubwa anasema: «Mama, nilimuona baba akigusa hii.» Kuanzia hapo, usalama wa nyumba nzima unategemea kumbukumbu ya mtoto wa miaka 12.

Maneno manne yaliyoandikwa usoni yangetosha kuondoa hatari hiyo.

Mji wa watu wanaojua kuunda

Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, kwa sababu ya shaba, na jina la sasa lilikuja mwaka 1966. Tangu mwanzo ni mji wa mafundi: wayeyushaji, wafua chuma, watu wa reli, watu wa umeme. Union Minière, na baadaye Gécamines, zililea vizazi vya wafanyakazi wanaojua kusoma mchoro na kushika turnevisi. Leo shule kama Institut Technique Salama ya Wasalesiani wa Don Bosco, pamoja na fakulte ya politeknike ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, zinaendelea kutoa vijana wenye ujuzi huo. Wengine wengi wanajifunza kwa kukaa kando ya fundi mzee na kutazama mikono yake.

Haja ya kuunda nayo haikosekani. Waya mkubwa unaotoka Inga hadi Kolwezi, karibu kilomita 1,700, ulimalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuleta umeme kwenye viwanda vya madini. Hata hivyo mkaaji wa kawaida wa Lubumbashi anaijua vizuri delestaji, na anajua pia umeme dhaifu unaofanya taa ziwake kama mishumaa. Ndipo anapomwita fundi.

Wakongomani hawakuanza jana kujiundia vyombo. Huko Kinshasa, kikundi cha Konono N°1 cha marehemu Mawangu Mingiedi kilipiga likembe zilizounganishwa na ampli, na vinasa sauti vyake viliundwa kwa sumaku za vipuri vya magari ya zamani. Miaka ya 2000 sauti hiyo ilisikika hadi Ulaya. Mwaka 2013 Kinshasa iliona roboti za kuongoza magari, kazi ya mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake. Baadaye roboti za namna hiyo zilifika Lubumbashi pia.

Roboti hizo zina somo kwa kila fundi. Dereva wa teksi hajui kilicho ndani ya kifua cha roboti, na hana haja ya kujua. Akiona nyekundu, anasimama. Akiona kijani, anapita. Kazi yote ya ndani ingekuwa bure kama uso usingesomeka kwa kila mtu, msomi na asiyesoma. Kisanduku cha nyumbani kinadaiwa jambo hilo hilo.

Uso unamlinda nani?

Unamlinda kwanza mtu wa nyumbani, lakini hata mtu ambaye hajawahi kufika kwako. Fikiri juu ya kisanduku cha kuchagua kati ya SNEL na grupu. Kikikosewa, umeme wa grupu unarudi kwenye waya wa mtaa. Transfoma ya mtaa, ambayo kwa kawaida inashusha umeme, sasa inafanya kazi kinyume na kuupandisha hadi maelfu ya volti. Mfanyakazi wa SNEL aliye juu ya nguzo anaamini waya umekufa, kumbe una uhai. Na umeme wa SNEL ukirudi wakati grupu bado linazunguka, grupu linaungua.

Kwa hiyo kisanduku cha namna hii kinapaswa kuwa na swichi moja tu yenye nafasi tatu, ambayo haiwezi kabisa kushika pande mbili kwa wakati mmoja. Usoni paandikwe kwa herufi kubwa: SNEL – 0 – GRUPU. Sifuri ya katikati ni mahali pa kupumzika: kila kitu kimekatwa. Na ule waya wenye fishi dume pande zote mbili, unaochomekwa kwenye prizi ya ukuta ili kulisha nyumba, hauna etiketi ya kuuokoa. Utupwe.

Mfano wa pili ni fyuzi, ile tunayoita fizible. Konvertisa ya wati 300 inatoa ampea 1.4 hivi upande wa volti 220. Upande wa batri ya volti 12, wati hizo hizo 300 ni ampea 25, na ukihesabu upotevu wa konvertisa yenyewe unakaribia 30. Mtu asiyeelewa hesabu hiyo, akikuta fyuzi imeungua na hakuna namba karibu yake, anaweka yoyote aliyonayo, au anafunga kipande cha waya. Usiku huo waya zinapata moto ndani ya ukuta. Maandishi madogo «FYUZI 30 A – BATRI 12 V» yanazuia jambo hilo.

Mfano wa tatu ni batri yenyewe. Vituo viwili vya rangi moja, bila + na –, ni mwaliko wa kugeuza waya. Batri ikiunganishwa kinyume, konvertisa inakufa kabla mtu hajahesabu mbili. Chekundu kwa +, cheusi kwa –, na alama zenyewe ziandikwe pia, kwa sababu gizani rangi hazionekani na kuna watu ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani.

Tena kuna jambo moja ambalo maandishi hayawezi kulifanya peke yake. Uso wa chuma, uwe wa alumini, tole au shaba, lazima uunganishwe na waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano. Kwangua rangi mahali pa vise ili chuma kiguse chuma, weka washa yenye meno, kaza vizuri. Bila hivyo, siku waya mmoja ukichomoka ndani na kugusa bamba, uso wote unakuwa na volti 220, na etiketi nzuri haitamsaidia anayeugusa.

Kwanza karatasi, baadaye meshi

Kosa la kawaida ni kutoboa kwanza na kufikiri baadaye. Fundi anaanza na tundu moja, anaona nafasi iliyobaki, anatoboa jingine. Mwisho buto mbili zimebanana hadi vidole haviingii, na jina halina pa kukaa.

Njia nzuri ni kuchora uso mzima kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi. Panga vifaa vyenyewe juu ya mchoro: swichi, taa, prizi, vituo vya batri. Kinachoingia kikae upande mmoja, kinachotoka upande mwingine, na usibadilishe mpango huo kutoka chombo hadi chombo. Waya nene na fishi zikae chini ili zisining'inie mbele ya maandishi. Kipimo cha volti kikae juu, usawa wa macho. Kati ya buto moja na nyingine acha sentimita 2.5 au zaidi, kwa sababu mkono wa mtu mzima si mkono wa mtoto. Kisha geuza bamba na uangalie upande wa nyuma: swichi inayokaa vizuri mbele inaweza kugonga transfoma nyuma.

Acha nafasi ya maandishi tangu mchoro wa kwanza, na uyaweke juu ya buto au swichi. Mkono unapogusa unafunika kilicho chini, na jina lililo chini ya buto halisomeki wakati ule ule linapohitajika.

Kwa mwenye kompyuta, programu ya bure kama Inkscape inatosha kwa kazi hii, hata LibreOffice Draw. Asiye na kompyuta atumie rula, penseli na karatasi ya vipimo. Unapopeleka faili kwenye sekretaria ili ichapishwe, mwambie kijana wa mashini achapishe kwa asilimia 100, asiruhusu mashini ipunguze ukurasa ili utoshee. Chora pembeni mstari wa milimita 100 na uupime kwa rula kabla ya kulipa. Ukikuta 97, matundu yako yote yatakosea.

Kutoboa bila kuharibu

Alumini ya milimita 1.5 hadi 2 ni rafiki wa fundi: haipati kutu, inakatwa kwa msumeno wa chuma, na inapatikana kwenye mabaki ya madirisha na mbao za matangazo. Tole ya chuma ni ngumu zaidi na inahitaji rangi. Pleksi inapendeza lakini inapasuka ukiisukuma kwa nguvu.

Bandika mchoro juu ya bamba kwa skochi. Piga kila kituo cha tundu kwa pwento, kile chuma chenye ncha, ili meshi isiteleze. Weka ubao chini. Anza na meshi ya milimita 3, ndipo upanue hatua kwa hatua. Vaa miwani: vipande vya alumini ni vyembamba na vikali, na jicho halina kipuri. Usishike bamba dogo kwa mkono wakati meshi inazunguka. Lifunge kwa kibano, kwa sababu meshi ikikwama bamba linageuka kuwa kisu.

Vipimo vinavyorudi mara nyingi ni hivi: taa ya LED ya kawaida, milimita 5, swichi ndogo ya kuinua, 6, potensiometa ndogo, 7, jeki kubwa ya gitaa au mikro, karibu 10, buto za viwandani za kusukuma, 22. Hata hivyo pima kwanza kifaa ulichonacho, maana bidhaa zinazofika sokoni hazifuati kipimo kimoja. Kwa tundu la pembe nne, kama la kipimo cha volti, toboa matundu madogo yaliyofuatana ndani ya mstari, ondoa kipande cha katikati, kisha maliza kwa tupa. Mwisho pitisha msasa kwenye kila ukingo, ili bamba lisikate waya wala kidole.

Njia sita za kuandika, na namna zinavyochakaa

Wino wa alama, ile kalamu nene isiyofutika, ndiyo njia ya haraka kuliko zote na ndiyo inayokufa mapema. Jasho la mkono na kitambaa chenye alkoli vinaiondoa. Itumie wakati wa majaribio tu, au ifunike kwa verni.

Karatasi chini ya pleksi ni njia ya bei ndogo na matokeo yake ni safi. Chapisha uso mzima, weka bamba jembamba la pleksi juu yake, na vise za pembeni zishike vyote vitatu: pleksi, karatasi, alumini. Kesho ukibadilisha kitu, unachapisha karatasi mpya. Chapisha kwa mashini ya leza, yenye poda, kwa sababu wino wa mashini nyingi za maji unatawanyika ukipata unyevu, na mvua za Lubumbashi, kuanzia Novemba hadi Aprili, zinaleta unyevu hadi ndani ya kabati.

Karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga inadumu zaidi. Chapisha maandishi kinyume, kama yanavyoonekana kwenye kioo, kisha bandika upande wenye poda uelekee ndani. Ukipaka rangi nyeupe nyuma yake, herufi nyeusi zinaonekana wazi, na mkono unagusa plastiki tu. Maandishi hayawezi kufutika kwa kuguswa, maana yako upande wa pili.

Herufi zilizokatwa kwenye karatasi ngumu na kupakwa rangi zinafaa kwa visanduku vikubwa, kama vile kabati la umeme la kanisa au la atelie ya kusude. Mji huu una desturi ndefu ya watu wanaoandika kwa brashi kwenye kuta, magari na maduka. Mchoraji maarufu Tshibumba Kanda-Matulu, aliyechora historia ya nchi hapa Lubumbashi katika miaka ya 1970, mara nyingi aliandika maelezo ndani ya picha zake ili mtazamaji asipotee. Fundi wa umeme asiye na mkono mzuri wa kuandika anaweza kumwita mwandishi wa mabango wa kartie yake. Ni kazi ya saa moja, na kila mmoja anapata chake.

Kuchonga kwa mwanga wa leza ni njia ya wenye uwezo kidogo. Nyumba zinazotengeneza mihuri na vibao vya milango hutumia plastiki ya tabaka mbili: juu rangi moja, chini nyingine. Leza au patasi ikiondoa tabaka la juu, herufi inatokea kwa rangi ya chini, na haifutiki maisha yote ya chombo. Angalizo moja: plastiki ya PVC, ile ya mabomba ya maji, isiwekwe kamwe chini ya leza. Inatoa moshi wa klorini unaodhuru mapafu na kuharibu mashini.

Njia ya sita ndiyo ya Lubumbashi hasa: shaba. Hapa watu waliyeyusha shaba na kuimimina katika umbo la msalaba karne nyingi kabla ya Wazungu kufika, na leo bado kuna wasanii wanaofua picha kwenye bamba za shaba kwa nyundo. Fundi wa elektroniki naye ana shaba yake. Anayejua kutengeneza plaketi ya mzunguko, ile inayochongwa kwa perklorure ya feri, tayari ana kila kitu cha kuandika uso. Chapisha maandishi kinyume kwa mashini ya leza kwenye karatasi laini ya gazeti la rangi. Safisha bamba la shaba kwa msasa mwembamba, weka karatasi juu, pitisha pasi ya moto hadi poda ishike. Loweka majini, ondoa karatasi taratibu kwa kidole. Palipo na poda, dawa haitakula. Palipo wazi, itakula. Tumbukiza kwenye sahani ya plastiki, kamwe si ya chuma, huku umevaa glovu na miwani na dirisha liko wazi. Itikise polepole na uiangalie mara kwa mara. Ukiona dawa imeingia kiasi cha kucha kuhisi kina, toa, osha, jaza rangi nyeusi kwenye mabonde, kisha sugua juu kwa msasa. Mwisho paka verni, la sivyo shaba itageuka rangi baada ya miezi michache.

Dawa iliyobaki isimwagwe kwenye mfereji wala kwenye udongo wa kiwanja. Inabeba shaba inayodhuru mimea na maji. Irudishe kwenye chupa ya plastiki, maana inatumika tena mara nyingi. Na chupa hiyo nayo iandikwe, kwa sababu rangi yake ya kahawia inafanana na vinywaji ambavyo watoto wanavijua.

Wapo pia wanaokumbuka mashini ndogo za Dymo, zinazobonyeza herufi nyeupe kwenye utepe wa plastiki, zilizotokea Marekani mwaka 1958. Ukizipata, bado zinafaa. Safisha tu bamba kwa alkoli kabla ya kubandika, kwa sababu joto na vumbi la kiangazi vinaufanya utepe ujikunje.

Maneno gani, na kwa lugha gani?

Hapa mafundi wengi wanafuata mazoea ya vitabu vya shule na kuandika Kifaransa tu: entrée, sortie, marche, arrêt. Hakuna ubaya kwa atelie. Lakini swali si fundi anasoma lugha gani, bali ni nani atakayesimama mbele ya kisanduku saa moja ya jioni. Kama ni mama au bibi anayesoma Kiswahili vizuri kuliko Kifaransa, basi WASHA na ZIMA ni sahihi zaidi kuliko maneno ya shule.

Kiswahili cha mji huu si lugha ya mdomo tu. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha hapa historia ya mji iitwayo Vocabulaire de la ville d'Elisabethville, ikatolewa na chama cha waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani. Ikiwa lugha hiyo iliweza kubeba historia ya mji mzima, inaweza kubeba maneno sita ya kisanduku.

Maneno yafaayo ni mafupi: WASHA, ZIMA, INGIA, TOKA, SAUTI, CHAJI. Mahali ambapo fundi mwingine atahitaji kusoma, ongeza Kifaransa kwa herufi ndogo chini yake. Na pale ambapo hakuna lugha inayotosha, kuna alama za dunia nzima: mstari I kwa kuwasha na duara O kwa kuzima, alama ya ardhi, na pembetatu ya manjano yenye radi kwa umeme unaoua. Alama hizo ziko kwenye vyombo vinavyotoka China, Ulaya na kwingineko, kwa hiyo macho ya watu yameshazizoea.

Ukubwa nao una kanuni rahisi. Gawanya umbali wa msomaji kwa 200. Anayesoma akiwa sentimita 60 anahitaji herufi ya milimita 3. Anayesoma kutoka mita 2, sentimita 1. Kwa mwanga wa tochi ya simu, ongeza. Herufi nyeusi juu ya nyeupe au njano zinashinda herufi nyekundu juu ya nyeusi, hata kama hizo za pili zinapendeza dukani.

Kando ya kipimo cha volti usiandike «volti» tu. Namba 12.1 haimwambii mama kitu. Chora ukanda wa rangi na maneno. Kwa batri ya risasi ya volti 12 iliyopumzika, volti 12.7 ni batri iliyojaa, 12.2 ni karibu nusu, na chini ya 12 ni wakati wa kuzima. Andika: kijani, TUMIA, njano, TAA TU, nyekundu, ZIMA. Batri nyingi zinakufa mapema kwa sababu zinamalizwa hadi mwisho kila usiku, na ukanda huo wa karatasi unaweza kuirefushia maisha batri ambayo familia ilikusanya pesa kwa miezi kadhaa ili kuinunua. Angalia tu kwamba batri za lithiamu zina namba nyingine, hivyo ukibadilisha batri, badilisha na ukanda.

Jina la fundi

Kuna sababu ya mwisho, nayo ni ya mfuko. Mteja anapolinganisha chaja ya mtaani na ile iliyotoka dukani kwenye katoni, mara nyingi haoni yaliyo ndani. Anaona uso. Chaja ya dukani ina maandishi yaliyonyooka, namba za volti na alama za usalama, hata kama ndani transfoma yake ni ndogo kuliko inavyodai. Ya mtaani ina transfoma nzuri na uso wa tole iliyokwaruzwa. Mteja anapunguza bei, na fundi anakubali kwa kuwa hana cha kuonyesha.

Uso ulioandikwa vizuri unabadilisha mazungumzo hayo, lakini unamfunga pia fundi. Ukiandika wati 300, chombo kivumilie wati 300. Ukiandika fyuzi 30 A, ndani kuwe na waya nene unaostahili ampea 30. Andika pia mwezi na mwaka wa kazi na jina la atelie, ili chombo kikiharibika kijulikane kinakorudi, na fundi mwingine atakayekifungua baada ya miaka mitano ajue anaanzia wapi. Ndani ya kifuniko bandika mchoro wa mzunguko. Karatasi moja inaweza kumwokolea mwenzako siku nzima ya kutafuta.

Kabla ya kukabidhi chombo, kuna jaribio ambalo halihitaji mashini yoyote. Zima taa za chumba. Mpe tochi mtu wa nyumba hiyo ambaye hajawahi kukigusa, na umwombe akizime. Wewe usiseme neno, usionyeshe kidole. Akikizima mara moja, kazi imekwisha. Akisita, au akikugeukia kuuliza, rudi na kisanduku atelie na uandike uso upya.